Mzabibu wa Liboria na Mpilipili wa Wifi Yake

"Doña Liboria, mzabibu ni wako, mti unaoubeba ni wa wifi yako. Sasa hii divai tunayokunywa ni ya nani?"

Aliyeuliza hivyo alikuwa Don Toribio, mtunza kanisa wetu, jirani yake Liboria wa upande wa mtoni. Aliuliza kikombe kikiwa tayari mdomoni. Liboria alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu yake bado myekundu hadi magotini kwa kukanyaga zabibu, akamjibu kwamba divai ni ya mwenye kiu, na kwa kuwa kiu ya Toribio haijapungua tangu siku aliyobatizwa, basi huenda yote ni yake. Watu walicheka. Lakini swali halikuwa la mzaha, na kila aliyekuwapo alitazama upande wa ukuta, kule ambako moshi wa jiko la Doña Nemesia ulikuwa unapanda kimya kimya kati ya majani.

Katika bonde letu la Churquipampa mizabibu haisimami yenyewe, wala hatuifungi kwenye nyaya kama wanavyofanya kwenye mashamba makubwa ya huko chini. Tunaipanda penye mguu wa mpilipili, ule mti wenye majani yanayolegea kama nywele za mwanamke aliyetoka kuoga, na mzabibu unajikwea wenyewe. Mti unaukinga na mvua ya mawe, unaupunguzia jua, maana jua la huku juu ni kali kama neno la mama mkwe. Na wazee husema ndiyo sababu divai yetu nyekundu ina ukali kidogo mwishoni, kama mtu aliyetafuna punje ya pilipili kisha akasahau.

Mti na mzabibu vikiwa vya mtu mmoja, hakuna neno. Vikiwa vya watu wawili, desturi ni moja tangu zamani: mwenye shina la mzabibu ndiye mwenye zabibu, popote matawi yatakapokwenda, na mwenye mti hupewa kapu moja lililojaa. Tunaliita kapu la bega, kwa kuwa mti umetoa bega lake. Mzabibu wa Liboria shina lake limo uani kwake, hatua chache kutoka ukutani. Mpilipili umesimama upande wa pili wa ukuta, kwa Nemesia.

Liboria hakuzaliwa kwenye mizabibu. Alizaliwa juu kabisa, kwenye uwanda wa baridi ambako hata kuku hufikiri mara mbili kabla ya kutaga, na chakula ni viazi, na viazi vilivyokaushwa kwa barafu, na nyama ya lama ikipatikana. Baba yake alikuwa akishuka kila mwaka baada ya mavuno na lama waliobeba chumvi, akabadilishana na watu wa bondeni kwa mahindi, pichi kavu na divai. Mwaka alioruhusiwa kumfuata, Liboria alikuwa msichana aliyekwisha komaa, na mtu wa kwanza kumpa kikombe cha divai alikuwa kijana mmoja mrefu, Fermín. Liboria alitazama ndani ya kikombe, akageuka kutafuta mnyama aliyechinjwa. Hakuwahi kuona kitu chekundu kiasi kile ambacho si damu. Fermín alicheka mpaka akakaa chini. Baba yake Liboria naye akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichowaoza, maana mwaka uliofuata lama waliposhuka hawakubeba chumvi tu, walibeba na blanketi za bibi harusi.

Mama mkwe wake, Doña Encarnación, alikuwa mwanamke mdogo kama kibuyu, na katika uzee wake bado alikwea ngazi akiwa amefunga sketi zake magotini. Yeye ndiye aliyemfundisha Liboria kupogoa. Alimwambia mtu wa viazi amezoea kutazama chini, na mzabibu unataka mtu wa kutazama juu. Nemesia, dada yake mkubwa Fermín, alikuwa ameolewa hapo hapo jirani, na kazi yake siku za kupogoa ilikuwa kushika ngazi. Alikuwa akiitikisa makusudi.

"Shika sana, mla viazi," alikuwa akimwambia. "Huku chini hakuna lama wa kukudaka."

Liboria aliogopa, akalia kidogo mara ya kwanza, kisha akazoea. Nemesia huyo huyo ndiye aliyemwosha uso kwa siki siku alipoumwa na nyigu. Na siku ya kukanyaga zabibu waliingia pamoja kwenye hodhi la mawe. Katika nyumba zetu, kabla ya kuingia humo, aliyeolewa humwosha miguu aliyezaliwa katika nyumba, kisha aliyezaliwa humwosha aliyeolewa. Padri mmoja aliyepita hapa alisema hilo ni jambo la Alhamisi Kuu. Bibi zetu walisema ni kwa ajili ya matope. Mimi nadhani yote mawili ni kweli. Basi Liboria na Nemesia walioshana miguu mwaka baada ya mwaka, wakashikana mabega, wakakanyaga, na ukiwasikia wakitaniana humo ndani ungedhani ni watu wa tumbo moja.

Kilichowatenganisha ni kifo cha Encarnación. Hakikuwa kifo kibaya, alikufa kitandani mwake akiwa amepakwa mafuta matakatifu, akili yake nzima. Siku aliyowaita watoto wake, alisema nyumba ni ya Fermín, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na kwetu nyumba humwangukia wa mwisho. Nemesia akapewa kipande cha ardhi ng'ambo ya ukuta, pamoja na mti mkubwa. Hapo hakuna aliyenung'unika. Kisha mama akasema mzabibu ule ni wa Liboria, kwa kuwa ndiye anayeukwea.

Nemesia wakati huo nyonga ilikuwa imeanza kumsumbua, na ngazi alikuwa ameiacha. Neno lile lilimwingia kama mwiba wa churqui, ule ambao ukiuchomoa ncha hubaki ndani. Alisema mbele ya watu kwamba mama amemwachia yeye mti na kivuli chake, na matunda ameachiwa mgeni. Tangu siku ya maziko hakuvuka tena kizingiti cha nyumba aliyozaliwa. Kwenye hodhi hakurudi. Fermín alijaribu kuwapatanisha, mara kwa dada, mara kwa mke, akawa kama mkia wa ng'ombe, mwishowe alichoka akaacha.

Kila mwaka, Liboria alilijaza kapu la bega kwa mkono wake mwenyewe. Vichala vizuri aliviweka juu, na vizuri vingine aliviweka chini kabisa, mtu asije akasema. Aliliweka juu ya ukuta. Siku ya pili alilikuta hapo hapo, tupu, limeoshwa, limefudikizwa. Hakuna neno. Na Fermín alipofariki ghafla, akiwa njiani kutoka mjini Camargo, Nemesia alimlilia mdogo wake makaburini hadi sauti ikakauka, lakini chakula cha msiba alikila nje ya lango, amesimama. Liboria ndiye aliyemtolea sahani. Nemesia aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa, bila kumtazama usoni.

Basi Liboria akabaki peke yake. Binti yake, Delmira, alikuwa amekwenda kufanya kazi Buenos Aires, akipiga simu kila Jumapili baada ya Misa na kumwambia mama yake aache ngazi. Liboria hakuacha. Alipogoa wakati wa kipupwe, alichuma karibu na siku za Kanivali, kabla ya Kwaresima, akakanyaga, akasikiliza divai ikichemka kwenye mitungi iliyozikwa hadi shingoni katika ardhi ya ghala. Alikuwa akiinama na kuweka sikio, kama mtu anayesikiliza mtoto tumboni. Mtungi ukinyamaza kabla ya wakati alikuwa akiusemesha. Tone la kwanza alimwaga chini kwa ajili ya ardhi, kisha akajifanyia ishara ya msalaba. Padri alijua, Mungu alijua zaidi, na hakuna aliyemgombeza. Mtungi mmoja, ule mdogo wa pembeni, hakuugusa mtu. Huo ulikuwa wa kalisi, divai ya Misa ya Mtakatifu Roko, msimamizi wetu, anayekuja mwezi wa Agosti na mbwa wake. Nyumba hiyo ilikuwa na nadhiri hiyo tangu zamani, na ilitimizwa kwa mzabibu huo mmoja.

Halafu yakaja masika mabaya. Mto ulipanda, ukala ukingo, ukafika hadi kwenye mizizi ya mpilipili na kuichimba kutoka chini. Maji yalipokauka, mti ulikuwa umesimama, lakini umeinama, na umeinamia jiko la Nemesia. Nemesia hapo jikoni ndipo alipopikia na ndipo alipolala, kwa sababu ya nyonga na baridi, karibu na moto. Upepo wa mchana ukipita bondeni, mti ulilia kama mlango mbovu.

Don Toribio, ambaye kwa miaka yote hiyo ndiye aliyebeba maneno kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine, alileta ujumbe. Nemesia alikuwa amesema kwamba Wilber, mwanawe anayeishi Tarija, atakuja kwa sikukuu ya Mtakatifu Roko na msumeno wa mashine, na siku ya pili yake mti utakatwa. Toribio alisema hayo akigeuzageuza kofia yake mikononi, akingoja Liboria apige kelele.

Liboria alisema Nemesia ana haki. Alisema yeye angekuwa chini ya mti ule, angekwisha kuukata jana.

Lakini usiku ule alikaa akipiga hesabu. Maana mti ukikatwa, mzabibu nao unakwenda. Viwili hivyo vilikuwa vimekumbatiana tangu kabla bibi yake Fermín hajazaliwa, na huwezi kuutoa mmoja bila kuuvunja mwingine. Wala hakuna mwingine wa aina ile katika bonde zima. Vijiti vyake Liboria alikuwa amevichomeka ardhini mara nyingi, navyo vilitoa majani mawili ya kudanganya kisha vikakauka. Njia iliyobaki ni ile ya wazee: unachukua tawi refu likiwa bado limeshikana na mama yake, unaliinamisha, unalizika katikati, ncha yake unaiacha nje. Linanyonya kwa mama huku likijifunza kujitegemea. Likishika mizizi yake, ndipo unalikata. Mzabibu mkongwe kama ule unataka vipupwe viwili, pengine vitatu. Na yeye alikuwa na wiki chache tu.

Akafikiri hivi. Mzabibu ulikuwa na mikono miwili mikubwa: mmoja ulirudi upande wa ua wake, mwingine ulitanda juu ya jiko la Nemesia. Ule wa kwake angeushusha na kuuzika. Na upande wa jiko angekata matawi makavu ya mpilipili, mti upungue uzito, usiwe wa kutisha sana. Kisha angemtuma Toribio kumwomba Nemesia asubiri kidogo. Wanasema mwombaji huja na kitu mkononi, naye kitu chake kingekuwa hicho, mti uliopunguzwa mzigo.

Alikwea asubuhi moja ya baridi, mwanzoni mwa Agosti. Mafua yalikuwa yamemkamata, pua imeziba. Katika kipupwe, mpilipili na mzabibu wa kale hufanana kwa gome kama mapacha, vyote vimechanika, vyote vya kijivu, vimesokotana. Mtu wa hapa huvitofautisha kwa pua: ukitia msumeno kidogo kwenye mpilipili, harufu ya pilipili inakupiga usoni. Liboria alitia msumeno, hakusikia harufu, na hakukumbuka kwamba siku ile hakuwa na pua. Akaendelea. Tawi aliloliona linaelekea jikoni, kavu, nene, lilikuwa ni mkono wa mzabibu wake mwenyewe, ule uliopita kwanza upande wa jiko, ukazunguka shina la mti, ndipo ukarudi kwake. Msumeno ulikwenda laini mno. Tawi likaachia, likaning'inia. Kisha akaona maji. Mpilipili hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mzabibu hutoa maji safi, tone, tone, kama jicho.

Alikaa pale juu, mikono yake imeushika mti.

Nemesia alikuwa ametoka mlangoni pa jiko lake, ametazama yote tangu mwanzo, mkono mmoja kwenye nyonga. Yeye ndiye aliyezungumza wa kwanza, na yalikuwa maneno ya kwanza baina yao tangu walipomzika mama yao.

"Liboria. Hilo si tawi la mti."

"Najua."

"Umelikata."

"Najua, wifi. Nimeliona."

Nemesia alilitazama tawi lililoning'inia. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Mimi nilikuwa nasubiri angalau sikukuu ipite. Wewe hata mtakatifu hukumngoja."

Liboria alishuka ngazi polepole, safari hii hakuna aliyeitikisa, na alipofika chini akakaa kwenye udongo. Alipoinua macho aliona juu ya ukuta kumewekwa chungu cha majivu yaliyokandwa na udongo, kile tunachofunikia majeraha ya mzabibu. Jiko la Nemesia mlango wake ulikuwa umefungwa. Liboria alipanda tena, akaziba jeraha, akarudisha chungu ukutani. Alikiosha kwanza. Nacho alikifudikiza.

Siku zilizofuata watu walimwona akizunguka ua wake kama kuku aliyepoteza kifaranga. Sasa ulibaki mkono mmoja tu, ule wa upande wa jiko. Alijaribu kuuvuta uvuke ukuta uje kwake. Toribio alimsaidia kwa kamba, yeye akashika huku, Liboria akaongoza kule, tawi likaanza kulia.

"Doña, tukivuta zaidi utabaki na kamba," Toribio alisema.

Tawi lilikuwa fupi. Ncha zake ndefu zilishuka mahali pamoja tu, uani kwa Nemesia, penye pembe karibu na banda la kuku, ambapo mpilipili mwingine mdogo ulikuwa umejiotea wenyewe na kufikia kimo cha mtu. Mahali pazuri, penye maji, mbali na mto. Ungedhani mtu amepachagua. Toribio alisema kama ni kuzika, ni kuzika pale.

"Pale ni kwa Nemesia," akasema Liboria.

"Hata mbinguni ni kwa mwenyewe, na kila siku unaomba uingie."

Lakini Toribio alijua, na Liboria alijua, kwamba jambo halikuwa kuomba tu. Desturi yetu hutazama shina. Mizizi ikishika katika ardhi ya Nemesia, mzabibu huo ni wa Nemesia, na zabibu zake, na divai yake, na mtungi wa kalisi. Mzabibu mama ukifa, kwa Liboria hakutabaki hata jani. Kitu alichopewa na Encarnación kwa mdomo wake, kitu alichokikwea tangu ujana wake, ambacho kwa ajili yake aliitwa mgeni mbele ya watu na kunyamaza, angekuwa amekivusha ukuta kwa mikono yake mwenyewe.

Simsifu kupita kiasi. Wengine husema alikubali papo hapo kwa moyo mweupe, na hilo si kweli. Alikasirika. Alimkasirikia mto, akajikasirikia, na kwa siku mbili nzima alimkasirikia hata marehemu mama mkwe kwa kusema neno lile mbele ya Nemesia wakati angeweza kulinong'ona. Delmira alipopiga simu Jumapili akamwambia aache yote aende Buenos Aires, kwamba huko divai inauzwa dukani na hakuna anayevunjika mguu, Liboria alimjibu kwa ukali ambao hajawahi kuutumia, kisha akamwomba msamaha. Alisali rozari yake. Mara nyingine alifika katikati akasahau yuko fumbo la ngapi, akaanza upya.

Sikukuu ikafika. Mbwa walivishwa utepe shingoni kama kawaida, ngoma na filimbi zikashuka kutoka vijiji vya juu, na padri alikuja kwa miguu kutoka pale barabara inapoishia. Liboria alileta divai ya mtungi mdogo katika chupa iliyofunikwa kitambaa cheupe. Ilikuwa ya mwaka wa nyuma, nyeusi karibu, nzito. Padri alipoimimina ndani ya kalisi, Liboria alikuwa amepiga magoti benchi la mbele, na upande wa pili, sawasawa naye, Nemesia amekaa kwa ajili ya nyonga yake, amevaa shali mpya aliyoletewa na Wilber. Liboria alijikuta hatazami kalisi, anamtazama wifi yake. Aliona amezeeka. Aliona jinsi anavyokunja mguu mmoja asiumie. Na likamjia wazo ambalo, alimwambia Toribio baadaye, lilimwaibisha pale pale mbele ya Mungu: kwamba wiki hizo zote alikuwa akihesabu mzabibu unahitaji vipupwe vingapi, na hata mara moja hakuwa amejiuliza mwanamke yule analalaje chini ya mti unaolia.

Asubuhi ya pili yake, Wilber alikuwa tayari uani, ameinamia msumeno wake wa mashine, ananoa meno ya mnyororo. Alimwona Liboria akiingia kwa lango la mbele, si kwa ukutani, akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, mkaza mjomba. Mama yuko jikoni," alisema, na hakujua aweke wapi mikono yake.

Nemesia alikuwa akimenya viazi karibu na mlango, nusu ndani nusu nje. Juu ya paa lake majani ya mpilipili yaligusa vigae kila upepo ulipopita. Hakuinuka. Alimtazama Liboria kuanzia kofia hadi viatu, akaona viatu ni vile vya kwenda kanisani.

"Umekuja kuuaga mti, au umekuja kumsaidia Wilber kukata?" alisema. "Maana mkono wa kukata unao, tumeuona."

"Mkono ninao, wifi. Pua ndiyo iliyonisaliti."

Kitu kilitikisika kidogo kwenye mdomo wa Nemesia, akakizuia. Aliuliza jeraha linaendeleaje. Liboria akasema limeacha kutoa maji, na akamshukuru kwa majivu. Nemesia akasema majivu hayakuwa ya kumsaidia yeye, yalikuwa ya mzabibu wa mama yake. Liboria akasema ndivyo alivyoelewa. Baada ya hapo kisu kikapita juu ya kiazi, ganda likaanguka refu bila kukatika. Kisha Nemesia, kwa mguu ule mzima, alisukuma kigoda kuelekea kwa mgeni wake. Liboria hakukaa. Alivua kofia yake akaishika mbele ya kifua, kama tufanyavyo tukiwa na neno zito.

Wilber alikuwa amezima kila sauti kule uani. Liboria akasema:

"Wifi, nimekuja kuomba. Nipe ile pembe ya ua wako, pale penye mpilipili mdogo, nizike tawi lililobaki. Litakaloota pale ni lako, zabibu na divai na vyote, na mtungi wa kalisi utautoa wewe. Mwambie Wilber auweke chini msumeno mpaka tawi lishike mizizi, kisha aukate mti, sitasema neno. Lakini chini ya mti huo usilale tena hata leo. Hamia kwangu. Chumba cha mama yako ni kikavu, na moto wa jikoni unakifikia. Nakuomba, wifi, rudi nyumbani."